Usiite bodaboda, nisindikize

Desemba ya wenzangu huanza tarehe mosi. Yangu huanza tarehe 26 asubuhi, nikishaifunika cherehani kwa shuka na kufunga kibanda. Mimi ni fundi nguo hapa Kayanga, wilayani Karagwe, mwaka wa 27 sasa, na kuanzia katikati ya Novemba huwa sijui mchana wala usiku. Mtu analeta kitambaa tarehe 22, anataka gauni tarehe 24, tena kwa mshono aliouona kwenye simu umevaliwa na binti mwembamba kama tete, ilhali yeye mwenyewe, Mungu amzidishie, ni mama wa watoto sita. Nashona. Umeme ukikatika nahamia cherehani ya kukanyaga. Krismasi ikifika miguu imevimba mpaka ndala hazinitoshi.

Basi tarehe 26 natembea. Majirani hunicheka: miguu imevimba, halafu unaipeleka barabarani? Ndiyo, kwa sababu mguu wangu huchoshwa na pedeli, hauchoshwi na njia. Nakwenda kwa rafiki yangu ng'ambo ya bonde, upande wa Nyakahanga. Hapa nitamwita Mama Pacha, maana ndivyo anavyoitwa na kila mtu, na yeye ananiita Fundi tu. Kwa bodaboda ni safari ya dakika kumi na tano. Kwa miguu ni saa moja na nusu nikienda peke yangu, na saa tatu nikirudi naye. Hizo saa tatu ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nilivyolelewa mimi, mgeni hakuagwa mlangoni. Alisindikizwa. Ulimtoa uani, ukamvusha shamba la migomba, mkafika njia panda. Pale anakwambia, rudi sasa. Unamjibu, nakufikisha kwenye ule mkaratusi. Mkifika kwenye mkaratusi anasema, na mimi basi nikurudishe kidogo, giza lisikukute peke yako. Mnageuka. Nimewahi kumwona mama yangu na shangazi wakisindikizana namna hiyo mara nne kati ya kisima na njia panda, na sisi watoto nyuma yao tumechoka, tunagombania muwa. Tulidhani watu wazima hawajui kuaga. Nimekuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba ziara yenyewe ilikuwa pale, na kule ndani ilikuwa chai tu.

Maana maneno ya sebuleni ni ya kila mtu. Mgeni amekaa kwenye kochi, televisheni inapiga kelele, mama mkwe yuko kona ile anasikiliza. Ukimwuliza habari za nyumbani atasema wote hawajambo. Akishavuka ua, mko wawili, kila mmoja anatazama mbele, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni, ndipo neno lenyewe linapotoka. Deni la kikoba. Mtoto aliyefeli na baba hajaambiwa. Uvimbe ambao hajamwonyesha mtu.

Siku hizi mgeni akisema tu "jamani niwaage", mwenyeji ameshachukua simu. Bodaboda anaingia hadi kizingitini, mgeni anapanda, vumbi linaruka, mkono unapungwa, kwisha. Tumefanya hivyo kwa heshima, mgeni asichoke. Nasema tumekosea. Tumemwondolea uchovu, na kile alichokuja nacho amerudi nacho.

Wanaorudi kutoka Dar es Salaam kula sikukuu ndio wamezidi. Siwalaumu kwa kuja, Mungu awalete kila mwaka, mimi nakula kwa nguo zao. Lakini mtu amekaa kwenye gari zaidi ya siku nzima kuvuka nchi, amefika nyumbani, na bado hataki kushuka. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuja na gari lake. Nyumba ya bibi yake iko pale, ukipaza sauti anaitika. Alikwenda kwa gari. Jioni nikamkuta anazunguka ua wangu, raundi baada ya raundi, kuku wanamkimbia.

"Baba, umepoteza nini?"

"Mama mdogo, nimebakiza hatua elfu mbili na mia nne."

Ana saa ya mkononi inayohesabu hatua, na lazima zifike 10,000 kabla hajalala. Akanieleza kwamba hesabu hiyo ilianzia Japani, kampuni moja ilipotoa kifaa cha kuhesabia hatua mwaka 1965, na jina la kifaa lenyewe maana yake ndiyo hiyo, kipimo cha hatua elfu kumi. Nikamwuliza kama saa yake inahesabu za kwenda tu au na za kurudishana. Hakunielewa. Nikamwambia aende kwa bibi yake kwa miguu, akamuage, arudi, zitatimia zote na kuku wangu watapumzika.

Njia ya kwenda kwa Mama Pacha haina sifa yoyote. Hakuna kibao wala geti. Tuna hifadhi za taifa siku hizi, Rumanyika-Karagwe yetu na Ibanda-Kyerwa ya ndugu zetu, zote zilipandishwa hadhi mwaka 2019, na nafurahi wanyama wamepata kwao. Mimi yangu ni ya bure. Unatoka mjini kungali na ukungu, baridi ya kuvaa sweta, unateremka kati ya migomba ambayo majani yake yanadondosha maji ya mvua ya usiku. Ikianza kunyesha tena unakata jani moja, unajifunika, unaendelea.

Ukibahatika, mibuni imechanua. Kwa asiyejua, ua la kahawa halitoki moja moja. Tawi zima linavaa nyeupe, kama mtu amelishonea lesi kutoka shinani hadi nchani, na harufu yake ni ya asmini, inakufikia kabla hujauona mbuni wenyewe. Siku mbili tatu, yanageuka kahawia, yamekwisha. Nimeshona magauni mengi ya harusi lakini lesi ya namna ile sijaipata dukani.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Maua hayo hayo ndiyo yanayouzwa. Tunaita butura: mkulima ana shida Desemba, mnunuzi anakuja, anaangalia mbuni ulivyochanua, anatoa fedha kidogo, na kahawa itakapoiva katikati ya mwaka ni ya mnunuzi. Serikali imepiga marufuku, biashara inaendelea usiku. Mwaka mmoja baba mmoja aliniletea vitambaa vya watu saba, familia nzima ivae sare Krismasi. Walipendeza, sikatai, nilijisifu kanisani. Mwezi wa saba nikamkuta anachuma kahawa kwenye shamba lake mwenyewe kama kibarua. Tangu siku hiyo mtu akiniletea kitambaa cha familia nzima namwuliza kwanza, na mbuni wako je? Wengine hukasirika, wakaenda kwa fundi mwingine. Sherehe inayolazimu mtu kuuza ua siielewi, na kila ninapopita kwenye harufu ile namkumbuka yule baba.

Chini bondeni kuna mafunjo na daraja la miti. Mara nyingi huwakuta korongo wale wenye taji la nyuzi za dhahabu, wawili, wanatembea polepole kama wazee wa kanisa wanaokagua shamba. Huwa wawili daima. Nikiwakuta husimama, na ndiyo mapumziko yangu ya kwanza.

Mapumziko ya pili ni senene, panzi wetu wa kuliwa. Wale wa mwisho wa mwaka hawana ratiba. Mvua ikinyesha vizuri Novemba na Desemba, usiku wanashuka kama mvua nyingine, wanafuata taa, na watu wazima wenye heshima zao wanakimbizana chini ya nguzo ya umeme na ndoo. Mama Pacha huniwekea wabichi nifike tuwachambue wote. Unashika kichwa, unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unatupa kwenye bakuli, wa kijani na wa kahawia pamoja. Vidole vinanata. Halafu chunguni, chumvi kidogo, mafuta hayahitajiki maana wanayo yao, wanachuruzika wenyewe hadi wanakauka na kulia kama changarawe ukiwatikisa.

Bibi zetu waliwakamata, wakawachambua, wakawakaanga, na hawakuwala. Senene walikuwa chakula cha mume. Mke aliyempelekea mumewe kikapu kilichojaa alipewa kitambaa kipya, na huko ndiko ninakodhani kazi yangu ilikoanzia. Mimi na Mama Pacha tunawala barabarani, kutoka kwenye mfuko wa karatasi, tena mbele ya wanaume.

Mambo ya kale ya hapa nayajua kwa marehemu mume wangu. Alikuwa mwalimu wa historia, na alipenda kunisomea kitabu cha Speke, yule mpelelezi Mwingereza, wakati nashona, ili nisilale. Novemba 1861 Speke na mwenzake Grant waliingia Karagwe kwa miguu kutoka pwani, wakapokewa na Mfalme Rumanyika, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange, hapa hapa wilayani. Ikafika Krismasi. Mfalme alikuwa amesikia kwamba Waingereza siku hiyo hula nyama, akampelekea Speke ng'ombe. Sikukuu haikuwa yake, dini haikuwa yake, lakini alikuwa na mgeni aliye mbali na kwao mwisho wa mwaka. Speke akatoka, akaenda kumtembelea na kumtakia heri. Krismasi ya mapema kabisa ninayoijua katika nchi hii ya Karagwe ilikuwa hivyo: mtu kumpelekea mwenzake kitu, na mwenzake kwenda kushukuru.

Sehemu aliyonisomea mara nyingi zaidi ni nyingine, kwa sababu ilinichekesha kifundi. Ikulu ile wanawake walinyweshwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Unene ndio uliokuwa uzuri. Speke akaomba ampime shemeji wa mfalme, akampima kweli, kama mimi na wateja wangu. Mkono inchi 23. Kifua 52. Paja 31. Kifua cha inchi 52 nimeshashonea, hata mwaka huu. Mkono wa 23 bado sijaletewa. Lakini mwisho wa habari sikucheka. Pembeni alikaa binti wa mama yule, miaka 16, anakunywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo asije akaacha. Nikiwa njiani, miguu inauma, jasho linatoka, humkumbuka binti yule. Alizaliwa kwenye milima hii hii na sidhani kama alipewa nafasi ya kuipanda.

Speke mwenyewe sijamsamehe. Grant alikuwa na kidonda mguuni, hawezi kutembea. Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Uganda, akamwacha rafiki yake kwa Rumanyika miezi kadhaa. Grant alipoondoka hatimaye, alibebwa. Na mwaka 1864 akatoa kitabu, akakiita A Walk Across Africa, yaani matembezi ya kuvuka Afrika. Mume wangu alikuwa akifika hapo anafunga kitabu, tunacheka mpaka uzi unakatika.

Najua kutembea si raha siku zote. Desemba 1996 nilikuwa bado najifunza kushona. Serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya tarehe 31 mwezi huo huo. Karagwe nayo ilikuwa na kambi, na barabara za mkoa wa Kagera zilijaa watu wenye magodoro vichwani na watoto mgongoni, mwisho wa mwaka, mvua inanyesha. Wale hawakusindikizwa. Waliswagwa. Nikitembea kwa hiari yangu, nikiwa na mahali pa kufika na mtu anayenisubiri, najua kwamba nimepewa kitu ambacho wengine barabara zizi hizi ziliwanyima.

Kwa urafiki, wanaume wa zamani walikuwa na omukago. Wawili wakipendana walichanjwa tumboni, tunda moja la kahawa likapasuliwa, maana ndani zimo punje mbili, kila mmoja akaipaka yake damu, mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo ni ndugu, na kumdhulumu ndugu huyo ni kujitafutia balaa. Sisi wawili hatukuchanjwa. Tulianza urafiki darasa la nne, kwa sababu alikuwa na viatu na mimi sina, tukawa tunabadilishana katikati ya njia, kila mmoja anavaa nusu ya safari. Mpaka leo akinikaribisha hunipa kwanza kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na mimi huchukua punje mbili, moja naila, moja namrudishia. Hatujawahi kuulizana kwa nini.

Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Watu walikuja wengi, walikula, walilia, pikipiki zikawachukua. Mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa tatu wa ujane wangu, nilikwenda kwa Mama Pacha kama kawaida. Sebuleni nikasema sijambo. Watoto wangu hawajambo. Kazi inakwenda. Akanisindikiza. Tulivuka daraja, tukapanda, tukafika kwenye mkaratusi mmoja, akasema sasa arudi, nikamrudisha mimi, tukavuka daraja tena. Pale, namwangalia korongo si yeye, nikasema kwamba kabatini kuna kitambaa cha suti, rangi ya majivu, mita tatu na nusu, alichonunua marehemu nimshonee kwa ajili ya kustaafu kwake. Kwamba kila tarehe 24 usiku, wateja wakiisha, nakitoa, nakitandaza mezani, nachukua chaki, nakikunja, nakirudisha.

Alikaa kimya mpaka tukafika kwake. Uani akageuka.

"Kikate."

"Nikate nini, Mama Pacha?"

"Kitambaa. Wanangu wana viuno, na Januari wanaingia sekondari bila suruali ya kanisani."

Halafu akanisindikiza tena, maana giza lilikuwa limeingia.

Hilo halikuweza kusemwa kwenye kochi. Lisingesemwa kwenye simu, na hakika lisingesemwa nyuma ya bodaboda, upepo masikioni, wawili tumebanana nyuma ya mgongo wa kijana wa watu.

Na vijana hao siwachukii. Mmoja wao alimkimbiza binti yangu hospitali usiku wa uchungu, mvua ya mawe inapiga, akakataa hata nauli. Mzee asiyeweza apandishwe, mwenye mzigo apandishwe, aliyechelewa apandishwe. Ombi langu kwa wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, msimu huu nyumba zikiwa zimejaa wageni, ni dogo: pikipiki isiletwe mlangoni. Isubiri njia panda. Kijana azime injini, anunue muwa, amtumie ujumbe mchumba wake. Ninyi njooni kwa miguu, pole pole, mkipitia kwenye mibuni. Akilalamika kwamba mnamchelewesha, mwongezeeni jero.

Wanaume nao wajaribu. Naona wanavyoagana: glasi ya rubisi ya mwisho, kupigana begani, basi. Baba Pacha alipoona tunachelewa mno, mwaka juzi alitufuata na tochi, akafikiri tumevamiwa. Akatukuta tumekaa darajani tunakula senene. Akasimama, akaombwa akae, akakaa. Baada ya muda akaanza kutueleza habari ya kaka yake, ambaye hawajasemezana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mama Pacha ameishi naye miaka 20 na zaidi, na habari nzima aliisikia pale.

Mwaka huu gauni la mwisho nadhani litatoka tarehe 24 saa sita usiku, mwenyewe ameshanilipa na ameshanitukana. Senene wamechelewa lakini juzi mvua ilikuwa nzuri, na Mama Pacha amenipigia kuniambia niende na chombo chenye mfuniko. Amesema pia kwamba wale watoto wamerefuka. Zile suruali za rangi ya majivu nimeziteremsha pindo mara mbili na sasa hakuna pindo lililobaki. Mdogo wao anazitazama. Kwa hiyo tarehe 26 nitakwenda na mkasi.